Mpaka Ndani ya Ndoo

Nianze kwa kukiri tu: mpaka leo nikipanda kijijini kwetu Mwika, mlimani, watu wananitazama mikono kwanza, wajue nimeshika nini.

Kanisa letu dogo kule juu, la Kilutheri, lilikuwa na jubilei, na mimi mtoto wa mtaa wa Soweto, kule chini mjini, ambaye nyumbani napanda Krismasi kwa Krismasi, nikapewa kazi ya kusoma historia ya kanisa (eti nina sauti ya redio). Asubuhi nafika nakuta maua ya madhabahuni yamenyauka, shangazi yangu, mama wa mapambo, karibu alie. Nikamwambia, "Shangazi, niachie mimi, wewe kaangalie mtori jikoni." Nikazunguka nyuma ya kanisa, nikaona masale yamejipanga mstari mzuri, majani marefu ya kijani, nikayang'oa yote na mizizi yake ili yasinyauke, nikayaosha, nikayapanga kwenye ndoo mbele ya madhabahu. Nikajisifu.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma kwa madaha kwamba kiwanja kilitolewa na babu yake Mzee Aminieli, jirani yetu, kuanzia barabarani "hadi kwenye masale yale ambayo hakuna mkono uliowahi kuyagusa," nikanyoosha kidole dirishani. Kanisa zima likageuka. Udongo mtupu.

Mzee Aminieli akasimama polepole, akatazama dirishani, akatazama ndoo, akanitazama mimi.

"Wewe kijana, mpaka wa babu yangu ndio umeuweka kwenye ndoo?"

Wanakwaya wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, maana huku ugomvi wa mpaka hurithiwa kama ng'ombe, na mimi ndiye niliyekuwa nimeufungua, tena kwenye kipaza sauti. Mwinjilisti akaninong'oneza, "Chukua jani la isale humo ndooni, nenda ukapige magoti." Kwa Wachagga isale ndilo jani la kuombea msamaha, na ukiletewa hukatai.

Nikapiga magoti na suti yangu. "Shikamoo mzee. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Yameisha."

Makofi! Nikapumua, mjinga mimi.

Baada ya ibada mzee akaibeba ndoo mwenyewe, akapanda masale yake moja moja bila haraka, hatua kadhaa ndani ya upande wa kanisa. Mwinjilisti akafungua mdomo, shangazi akamvuta koti: "Mtu ametusamehe mbele ya madhabahu, unataka kumwambia nini?"

Nimeapa, Mwika sitagusa tena mmea wowote, hata mchicha. Choo cha kanisa sasa kiko kwa Mzee Aminieli, na waumini wakibanwa katikati ya ibada wanaanza kwa kupiga hodi kwake.