Karatasi ya Sauti ya Kwanza

Jumamosi kabla ya kura, kwaya yetu ya Kisian, kando ya ziwa, ilikuwa inabishana tu ni nani amemaliza chai. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, nilikuwa na besi ya kuamsha viboko kutoka kwetu mpaka Usenge. Wanjiku, fundi wa nguo aliyetoka Nyeri, alishika sauti ya kwanza.

Matokeo yakatangazwa, watu wa kwetu wakasema kura zimeibwa na upande wa kina Wanjiku, barabara ya Busia ikajaa moshi. Watu wa kabila la Wanjiku wakaanza kusakwa. Mwalimu wetu wa kwaya, Mama Akinyi, akamficha kwake. Sisi waimbaji wa jirani tukaenda kukaa nao.

Alasiri moja redio ikatangaza kwaya ya Uingereza, nyimbo za huko za karne iliyopita, bila kinanda. Sisi hujifunza hivyo: wimbo ukipita redioni, kila mmoja anaandika sol-fa, yaani do-re-mi, ya sauti yake, maana haurudiwi.

"Kalamu!" Mama Akinyi akaamuru, kana kwamba nje hakuna moto.

Jamani, waliimba! Walianza chini kabisa, kisha sauti zikapandiana mpaka nikaapa mabati yameinuka. Wanjiku aliandika akilia, haachi hata noti moja.

Lango likagongwa.

Vijana saba. Mapanga.

"Mama, tunajua yuko ndani."

"Yuko. Anaandika. Ngojeni wimbo uishe."

Mkubwa wao akaingia, akamsimamia Wanjiku kwa panga. Wanjiku hakuinua kichwa.

Mimi sikupumua mwaka mzima.

Sauti za juu zikashuka polepole, zikanyamaza. Kijana akajipangusa uso. "Hao ni watu ama malaika?"

"Ni watu," Mama Akinyi akasema. "Kama huyu."

"Mtoeni kabla ya saa kumi na mbili, Mama. Wengine wakija sitawaweza."

Tukampeleka kituo cha polisi kwa pikapu, tumemfunika magunia ya omena, dagaa wa ziwani. Aliposhuka akanipa karatasi yake. Ilikuwa imekamilika.

Wimbo ule tunauimba mpaka leo, na kanisa zima husimama. Mwaka jana nikampigia Wanjiku, nikamuuliza yuko kwaya gani.

"Siimbi, Bwana Besi. Tangu siku ile, siimbi."

Akauliza nani anashika sauti yake. Nikamwambia tumepata msichana, ni mzuri sana.

"Vizuri," akasema. Laini ikakatika.