Magunia Sebuleni

Mara ya pili Mama alipoanguka ilikuwa uani kwake, Kayonza. Akakaa chini hapo tangu asubuhi hadi jioni jirani alipokuja kuazima jembe. Daktari alipomaliza kumpima hapa Kigali aliniita pembeni: huyu asiishi tena peke yake. Ni rahisi kusema! Mama yangu, mtu akipata shida yeye ndiye wa kwanza kufika, lakini yeye mwenyewe kuhudumiwa, thubutu. "Siendi kuwa mzigo kwa mtoto," ndiyo sala yake. Alikubali kukaa kwangu siku mbili tu. Jumapili anarudi.

Nami kwa ujinga wangu nikadhani nyumba nzuri itamshika. Wiki nzima kabla hajaja, akiwa bado hospitalini, sikuweka msasa chini, hapa kwangu Busanza. Kreti za zamani za soda, zile za mbao, nikazigeuza rafu. Meza nikaitengeneza kwa mlango mkuukuu nilioupata Gisimenti, baa moja ilipokuwa inabomolewa, nikaukwangua rangi mpaka ukaonekana umenyeshewa maisha yake yote. Mito ya makochi nikaishonea magunia ya kahawa. Birika la bati lililobanduka rangi nikalitia maua. Wenzangu kazini walipoona picha walinisifu mpaka nikavimba kichwa.

Ijumaa Mama akaingia na fimbo yake, akasimama. Akaitazama meza. Akayatazama magunia. Akauchukua mto mmoja, akaubonyeza, akaurudisha taratibu. Mimi nimekaa mkao wa kusifiwa.

"Ihangane, mwanangu," akasema.

Hilo ni neno letu la Kinyarwanda la kumpa pole aliyepatwa na msiba.

"Pole ya nini tena, Mama?"

"Hakuna kitu."

Kuanzia hapo nyumba ikawa nzito. Chai alikunywa bila sukari, yeye anayetia vijiko vitatu. Nikitoka chumbani anakuja nyuma yangu kuzima taa. Mezani alinisukumia nyama yote, akabaki na mchuzi. Nikimuuliza, anasema ameshiba. Siku zilikuwa zinaniishia na sikujua nimekosea wapi.

Jumamosi alasiri nikamkuta amekaa kitandani na mfuko wake umeshafungwa, utadhani gari linamngoja nje. Nikapandwa na hasira, na hasira zangu haziko mbali.

"Kwani umekosa nini hapa? Ukianguka tena nani atakuokota? Utakufa pale uani peke yako, Mama!"

Tukigombana huwa tunaacha Kinyarwanda, tunatumia Kiswahili cha Karagwe, Tanzania, alikonilea ukimbizini.

"Usinipigie kelele," akasema. "Walikufukuza kazi lini?"

"Nani amekwambia nimefukuzwa?"

"Nina macho mimi. Tulilalia magunia kule, mimi na wewe. Sasa umerudi kwenye magunia. Kabati umeuza, meza umeuza, unakulia juu ya mlango! Halafu unaninunulia nyama. Nikae hapa nikumalize kabisa?"

Kicheko kilinijia. Yeye alikuwa analia. Maneno yalikuwa tayari: Mama, haya ni mapambo, kazi ninayo, mwaka huu wamenipandisha cheo. Nikaiona mikono yake imeushika ule mfuko. Nikajua akiusikia ukweli atamshukuru Mungu, atanibariki, na kesho asubuhi atapanda basi akiwa na furaha yake. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile.

"Ni kweli," nikasema. "Kazi imekwisha. Nimeshindwa, Mama. Usiniache peke yangu."

Alinitazama usoni. Nilimwogopa Mungu na nilimwogopa yeye, maana tangu nikiwa mtoto sikuwahi kumdanganya nikafaulu.

"Sasa si ungesema?" Akaanza kufungua mfuko. "Unaficha shida kwa mama yako! Haya, nionyeshe jiko lako liko wapi."

Ni mwezi wa saba huu yuko kwangu, na hajaanguka tena. Kila asubuhi nikiwa nimevaa kwenda ofisini, ananishika mikono yote miwili mlangoni, anafumba macho, anamwomba Mungu leo mwanawe apate kazi. Naitikia amina, naondoka.