Usiombe Kuacha Kazi Uliyoachishwa

Nakumbuka siku moja, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, niliandika barua sita kwa kalamu moja, na kila nilipomaliza moja nilijiona nimetenda jambo la heshima. Mwanangu, nakuita hivyo wewe unayeanza kutafuta kazi, nakusimulia nikiwa bado na hasira. Sijafika umri wa kuitwa bibi, mtoto wangu wa kwanza ndio kwanza anaota meno. Lakini haya nikisubiri nizeeke ndipo niyaseme, wewe utakuwa umeshatia sahihi mahali. Kaa, nisikilize.

Nilikuwa nafanya kazi Kihonda, kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha viungo. Mdalasini, karafuu na pilipili manga vinashuka na magunia kutoka milimani, sisi tunachambua, tunapima, tunafunga kwenye pakiti. Tulikuwa wanawake saba. Mimi peke yangu ndiye nimemaliza kidato cha nne, basi wakaniita Katibu. Fomu ya hospitali, Katibu. Barua ya kuomba ruhusa ya msiba, Katibu. Nilipenda, sikufichi.

Ijumaa hiyo msimamizi wetu, Deo, akatukusanya. Kijana mpole, wakubwa wote anawaamkia. Akasema inakuja mashine ya kufungasha, kwa hiyo kazi yetu inakwisha mwisho wa mwezi.

"Sasa dada zangu, tuachane vizuri. Kila mtu aandike kabarua ka kuaga. Bosi anapenda heshima. Ukiaga vizuri, kesho akitaka watu anakuita wewe."

Nani angekataa? Huku kwetu mtu akiondoka bila kuaga anaonekana ameiba au ametoroka. Hata mgeni wa siku mbili anaaga. Deo akanisomea maneno, nikaandika: *Yah: Kuomba kuacha kazi kwa hiari yangu.* Nikaongeza na ya kwangu, maana barua ilionekana kavu: nashukuru kwa malezi mema, naomba radhi pale nilipowakosea. Nikaanza na yangu, kisha za wenzangu.

"Katibu," akasema Salama, mama wa watoto watatu aliyekuwa anakaa meza moja na mimi, "yangu nitilie na Kiingereza kidogo, bosi ajue anayeondoka ni mtu."

Tukacheka. Nikamtilia.

Aliyebaki ni Bi Mwanaidi, mwenyeji wa Kinole, huko mlimani, mkubwa wetu sote, miaka tisa kiwandani hapo.

"Mama, lete jina lako nikuandikie."

"Yangu usiandike."

"Kwa nini tena?"

"Mimi nimeomba kuondoka?"

"Si kuaga tu, mama."

"Kuaga nitaaga kwa mdomo, mdomo ninao. Hapo umeandika *naomba*. Mimi sijaomba kitu. Wao ndio wamesema basi. Waandike wao."

Deo akacheka. "Bi Mwanaidi umeshuka na ubishi wa mlimani."

"Ndiyo. Na nitapanda nao."

Nikamwonea haya. Nilidhani ni kwa vile hakusoma. Nione aibu mimi!

Mwisho wa mwezi Bi Mwanaidi peke yake alipewa barua ya kuachishwa kazi, na pamoja nayo malipo ya likizo ambayo hakwenda, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo chake. Sisi sita tulipewa mshahara wa mwezi, tukashikwa mkono, na kila mmoja pakiti ya mdalasini. Tumbo langu wakati huo lilikuwa la miezi saba.

Salama akawaka. Dada yake anafanya kazi Nairobi, na kampuni yao ilipopunguza watu alilipwa siku kumi na tano kwa kila mwaka. "Na sisi tunataka kumi na tano!" Tukaenda ofisi ya kazi mjini tukiwa tumeshikana mikono kama watu wa maandamano. Afisa, mama wa makamo, alitusikiliza mpaka mwisho.

"Sheria ya Kenya inaishia mpakani," akasema. "Kwetu hapa, mwajiri akikuachisha kwa sababu kama hiyo, na umetimiza mwaka, haipungui siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, na inahesabiwa mpaka miaka kumi. Lakini ninyi hamkuachishwa. Mmeomba wenyewe, kwa hiari. Nani kawaandikia hizi?"

Wote wakanitazama.

Nilikwenda kwa Bi Mwanaidi nikilia. Alinipa maji, akaningoja nimalize.

"Mwandiko ni wako," akasema. "Maneno ni ya nani?"

"Ya Deo. Radhi tu ndiyo niliyoongeza mimi."

"Basi kulia kwa nini? Nenda kaseme hivyo mbele ya watu. Shule umeipata, ulimi unao. Au vilikuwa vya kuandikia radhi tu?"

Hilo lilinichoma, mwanangu, na lilinifaa kuliko kubembelezwa. Tukajaza fomu za malalamiko kwa tume ya usuluhishi. Wanne walitia sahihi, na mimi wa tano. Salama alikuwa amesharudi kwao Mgeta kulima kabichi, na muda wa kulalamika unahesabiwa kwa siku, hausubiri mtu. Nikapanda Mgeta na tumbo langu, napumzika kila kona. Nikamkuta shambani.

"Salama, nimeleta fomu. Sahihi tu hapa."

Hakuacha jembe. "Juzi ulisema hivyo hivyo. Sahihi tu hapa."

"Safari hii ni ya kudai."

"Na ile ulisema ya kuaga. Mimi kwenye karatasi yako, Katibu, siweki tena jina langu."

Nikamsomea yote, neno kwa neno. Akaendelea kulima. Nikashuka na fomu tupu.

Siku ya usuluhishi nilisimama nikasema: hizi zote nimeandika mimi, kwa mkupuo mmoja, naye Deo ananisomea. Msuluhishi akazipanga barua mezani, akamgeukia mwakilishi wa kiwanda: "Watu watano wamepata hiari siku moja, kwa mwandiko mmoja, na wote wanaomba radhi?" Mwakilishi akaomba atoke akazungumze na bosi. Walikubali kulipa. Sisi watano. Ambaye hakudai hakuwemo.

Nilipojifungua na kupata nguvu nikapanda tena Mgeta, mtoto mgongoni, nikamgawia Salama nusu ya changu. Alipokea kwa ajili ya wanawe. Lakini nilisimama mlangoni kwake mpaka nikageuka kuondoka, na hakuniambia karibu. Mpaka leo nikiwa nafua, nikiwa napika, namjibu Salama moyoni, na jibu halitoshi.

Kwa hiyo shika haya. Mwajiri akikuambia kazi imekwisha, mwambie aandike yeye. Wewe usiombe kuacha kazi ambayo hukuiacha, hata akikuomba kwa upole, hata akikuita dada. Kama umechoka na unaondoka mwenyewe, sawa, andika, ila ujue kiinua mgongo hicho hukidai. Kazi ikikupeleka Kenya, au Uarabuni, uliza sheria ya huko na usome mkataba wako kabla hujapanda gari, usitembee na hesabu za jirani. Ukionewa, nenda mapema. Kupinga kuachishwa kwenyewe kwetu ni ndani ya siku thelathini, na siku zinakimbia. Na wewe uliyesoma, wenzako wakikupa kalamu, waulize kwanza kama unachowaandikia ni kweli.

Mungu akupe kazi yenye staha, na siku ya kuondoka akutoe na haki yako mkononi. Akupe ulimi wa kusema hapana mbele ya mtu mpole. Na kila mlango utakaoupigia hodi, uambiwe karibu.