Msimu wa Senene kwa Wahabeshi

Ninyi wenzangu mliokulia Bukoba wakati wa Mwingereza, mtakikumbuka kile kilima cha juu ya Kagondo ambacho watu walikipita wakiharakisha mwendo. Huko ndiko nilikokulia. Mlituita Wahabeshi. Mlituimbia barabarani, "Wahabeshi, vichaka vichwani!" nasi tukawarushia maganda ya ndizi. Leo nawasamehe, maana kusema kweli tulitisha kidogo.

Shamba letu lilianzishwa na mzee tuliyemwita Ta Kaijage. Alikwenda vitani na jeshi la Waingereza, akafika Uhabeshi, na huko akaona kwa macho yake mfalme mweusi akipigiwa saluti na maofisa wa kizungu. Aliporudi akaapa kutonyoa tena, wala kuonja nyama wala chumvi. Akaomba kipande cha rweya, yale majani matupu ambayo kila Mhaya alijua hayalei mgomba, akatangaza kwamba yeyote atakayekuja kwa hiari na jembe lake, akaapa kama yeye, watalima pamoja na kula pamoja. Baba yangu akaenda, akaapa. Mama hakuapa kitu. Alimfuata baba tu, mimi nikiwa mgongoni.

Ngoma ilituamsha kabla ya jua. Wakubwa waliimba zaburi wakiwa wamesimama kwenye umande, kisha kazi ikaanza: kukata nyasi, kubeba samadi, kuitandaza chini ya migomba hadi udongo ule mwekundu ukawa mweusi na laini kama ugoro. Hakuna aliyesema "mgomba wangu". Mchana tulikizunguka chungu kimoja, ndizi na maharage vimemwagwa juu ya majani ya mgomba, moshi wa kuni ukitutoa machozi, watoto tukipakuliwa kwanza. Jioni tulitafuna kahawa iliyochemshwa na majani ya porini, ulimi ukawa mchungu na macho makavu. Kijana wa leo ukimtuma kufyeka uwanja anauliza trekta iko wapi.

Maisha yalikuwa matamu hivyo mpaka mwaka ule senene waliposhuka kwa wingi.

Mliozaliwa Uhaya hamhitaji kuelezwa, lakini wageni nao wasome. Senene, panzi yule wa kijani wa msimu wa mvua, aliokotwa na mke, akakaangwa na mke, akaliwa na mume. Mke hakuonja hata mguu; ulikuwa mwiko. Mume alipokea kwa mikono miwili, kisha akamvisha mkewe nguo mpya. Mume aliyekataa senene wa mkewe alikuwa amemkataa mke mwenyewe, na mwanamke huyo alirudi kwao bila kuulizwa na mtu. Miaka yetu ya mwanzo kilimani senene walikuwa haba, jambo likapita kimya. Mwaka ule halikupita. Walipoonekana wa kwanza kule Kanazi, kwao mama, wanaume wakaitana barazani.

"Senene hana damu," akasema Athumani, seremala kutoka Bakoba. "Nguruwe sikumjua tangu kuzaliwa, ng'ombe nimemwacha kwa ajili yenu. Senene mniachie, jamani!"

Watu wakacheka. Ta Kaijage hakucheka. "Ana macho," akasema. "Chenye macho hakiingii katika chungu chetu. Aliyeapa akila, ashuke na jembe lake."

Jioni hiyo mama alikuwa akimenya ndizi, baba amekaa mlangoni.

"Nitaokota," mama akasema. "Nimekula chakula chapwa miaka yote hii. Nimefuga kichaka hiki kichwani, mama yangu akanililia kama maiti. Senene nitaokota, nitakuletea. Ukikataa, mimi na Koku tunalala Kanazi."

"Mama Koku, usinifanyie hivi."

"Kwani nawashusha mimi? Wanashuka wenyewe."

Siku zilizofuata walisemeshana kupitia kwangu. "Koku, mwambie baba yako maji ya kunawa tayari." Nilikuwa naanza kung'oka meno, lakini nilielewa vizuri: baba akila, tunafukuzwa kwenye shamba alilolipenda kuliko afya yake, asipokula, nampoteza baba.

Senene wakashuka alfajiri yenye ukungu. Rweya yote ilikuwa ikitikisika, kijani juu ya kijani. Kabla ya kutoka, mama alifunga nguo zetu, akauweka mzigo kando ya mlango ambapo kila mtu angeuona. Tuliokota hadi vidole vikafa ganzi. Kwa kuwa chungu cha wote hakikuruhusiwa, aliwakaanga nje juu ya kigae, mafuta yao wenyewe yakichirizika, na harufu ikatambaa shambani hadi majembe yakasimama moja baada ya jingine. "Ee Mola, nishikilie," nikamsikia Athumani.

Mama akapiga magoti mbele ya baba, akamnyooshea kifurushi cha jani la mgomba.

Baba akakipokea kwa mikono miwili. Akaingia ndani, akatoka na kanga mpya ambayo, nilikuja kujua, alikuwa ameiomba kwa dada yake Bakoba. Akamfunika mama mabegani.

"Umepokea," akasema Ta Kaijage. "Utakula?"

Baba akachuchumaa, akawa sawa na mama, akakifungua kifurushi. "Nimepokea, Ta Kaijage, kwa hiyo ni wangu. Changu nampa nimtakaye." Akamgeukia mama. "Mama Koku, kula."

Wanawake wa kijijini waliokuwa wakipita njiani na vikapu vyao wakapiga ukelele. "Yesu wangu! Atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene!"

Mama aliwatazama wale wanawake. "Mbele za watu?" akanong'ona.

"Mbele za watu."

Akachukua mmoja. Nilisikia alivyopasuka katikati ya meno yake. Akachukua wa pili.

"Huyu hakuapa," akasema Ta Kaijage, akaokota jembe lake, akarudi kwenye migomba.

Bibi yangu wa Kanazi hakunywa hata maji kwetu mpaka mdogo wangu alipozaliwa. Siku hiyo alipanda kilima, akamfunua mtoto, akampapasa kichwa chote, mbele na nyuma. Kilikuwa cha mviringo. Akamfunika tena, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Wakishuka tena, nitunzie kidogo."

Siku hizi kilima kile kimerudi kuwa majani; wana wa walioapa wamekwenda kutafuta kazi za ofisini. Wapwa zangu, na suruali zao pana, hununua senene pale stendi, wenye pilipili na chumvi, wakala wakitembea. Nikiwasimulia haya wanacheka: "Shangazi naye! Senene tu?" Ni kweli, ni senene tu, na wale, washibe. Lakini baba alizeeka bila kuonja tena hata mmoja, na kila msimu alikaa mkekani akimtazama mama akila, kama mtu anayeshiba. Kijana anayemtazama mkewe hivyo, mimi bado sijamwona.