Mzimu wa Shamba la Miraa

Tangu mumewe azikwe katika makaburi ya zamani karibu na Muthara, Kinya hakuwahi kurudi huko. Hata miraa yao iliyopakana na makaburi aliiacha. Shemeji yake, Kiunga, alimwapia kwamba marehemu hutembea huko akikohoa, na akimwita mkewe akaitika, basi naye amekwisha.

Leo asubuhi mbuzi alikata kamba akakimbilia huko, na Kinya akamfuata huku akisali. Miraa isiyochumwa hujaa majani magumu. Hii ilikuwa na machipukizi mekundu, kama inayochumwa kila mara, na tawini lilining'inia koti la Kiunga.

Achume tu, mlafi yule! Lakini kumfanya amwogope mumewe!

Kinya alipiga magoti kaburini kwa mumewe. “Baba Mwenda,” alisema, “wewe nilikukimbia, mwizi nikampikia chai.”