Jina Tulilopewa Kibugu

Walisema sitafika popote. Hawakusema kwa siri. Walisema wakati wa kuvuna viazi, nami nikiwa hapo hapo, nimeinama na jembe.

"Huyo wa Ireri asome diploma? Ireri ni jina la Embu, si la huku Meru. Hawa hapa Kibirichia hawana mizizi. Wameshikwa na udongo wa juu tu."

Jirani yetu Mzee M'Ikiara aliapa kwamba siku nitakapoleta diploma nyumbani atatafuna gunia tupu mbele ya watu. Leo diploma yangu ya uhandisi wa maji iko kwenye ukuta wa duka langu la pampu pale Makutano, ndani ya kioo, mahali ambapo mteja hawezi kukosa kuiona hata akija kununua mpira wa bomba tu. Visima nilivyochimba kuanzia Buuri hadi nyanda za chini vinatoa maji. Mzee M'Ikiara alifariki kabla sijampelekea gunia. Nimemsamehe.

Najisifu, ndiyo. Aliyetoka nilikotoka ana haki ya kujisifu kidogo. Lakini kuna jambo moja katika maisha yangu ambalo sikulijenga kwa mikono yangu. Nilipewa, na kupewa huko kulimgharimu mtu mwingine. Nalo linaanza na jina.

Baba alinieleza hivi. Babu yangu alizaliwa Mbeere, kule chini kwenye ukavu wa Embu, na baba yake hakuitwa Ireri. Njaa ilipoingia, babu alipanda kwa miguu mpaka Kibugu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, akiwa amebeba mgongoni mzinga mmoja wa nyuki. Mtu mmoja aitwaye Ireri akampokea, akampa chakula, akamruhusu atundike mzinga wake kwenye mti wake wa muringa. Siku karani alipokuja kuandikisha wanaume wapewe kipande, kitambulisho cha wakoloni, alimuuliza babu jina la baba yake. Kabla babu hajafungua kinywa, Ireri alisema, "Andika langu."

Karani akaandika. Baadaye kazi ya kulima mashamba ya watu ilimvuta babu hadi Kibirichia, akaoa Mmeru, akabaki. Mzinga aliuacha kwenye muringa. Alisema atarudi kuuchukua. Hakurudi.

Kwa hiyo majirani hawakusema uongo. Jina letu lilikuwa la kupewa.

Diploma nayo niliipata kwa kuchangiwa. Shangazi aliuza ndama, mwalimu mmoja alinikopesha nauli, na akina mama wa kanisa wakakamilisha ada. Nilipomaliza, nikaenda Juba, Sudan Kusini, kwa sababu huko fundi wa visima alilipwa vizuri. Nilikaa miaka mitatu. Niliitwa Injinia kuanzia asubuhi hadi jioni, na sikumrekebisha mtu.

Siku ambayo nataka kuisimulia ilianza kama siku nyingine yoyote. Jua lilikuwa kali tangu saa mbili. Keji, mpishi wetu, mwanamke wa pale Juba aliyejifunza Kiswahili ukimbizini, alikuwa anachemsha maharagwe. Lori kutoka Kenya likaingia uani na mabomba tuliyoagiza. Dereva aliitwa Nyaga, mtu wa Embu, mzito, mcheshi. Utingo wake alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye pengo mbele na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwenye joto lile. Alinipa karatasi ya mzigo nitie sahihi. Akasoma nilichoandika.

"Wewe ni Ireri?"

"Ndiyo."

"Mbona matamshi ni ya Kimeru?"

"Mimi ni Mmeru. Wa Kibirichia."

"Nyaga, njoo uone maajabu! Wameru wametuibia mpaka jina!"

"Hatukuiba," nilisema. "Tulipewa."

"Na nani?"

Nikamsimulia. Alikuwa akicheka mpaka nilipofika kwenye mzinga, hapo akaacha. Aliniuliza kama ulikuwa na alama. Kila mwenye mzinga huchoma alama yake kwenye mzinga wenyewe, na mzinga wa mtu hauguswi. Anayeugusa hujitafutia laana. Baba alikuwa amenifundisha alama ya babu nikiwa mdogo. Nikaichora vumbini kwa msumari: mistari mitatu, na mmoja wa kuikata.

Utingo alivua kofia.

"Mimi naitwa Njagi Ireri," alisema. "Huo mzinga uko kwetu. Babu alikataza usiguswe, akisema mwenyewe atarudi. Nyuki walishahama zamani, lakini mpaka leo mama haturuhusu kukata hata tawi la ule muringa."

Nyaga alitutazama wote wawili. "Haya, ndugu wa nyuki. Mmemaliza kusalimiana? Mabomba hayatajishusha."

Tukashusha mabomba. Tulicheka sana siku ile. Nakumbuka nikiwaza kwamba nitampigia baba simu Jumapili.

Kesho yake alasiri mapigano yalianza.

Kwanza tulidhani ni radi. Kisha risasi zikaanza kupita juu ya ua, na tukaingia ndani ya kontena tulilolitumia kama stoo, watu wanne: mimi, Nyaga, Njagi na Keji. Tulilala chini. Bati lilitetemeka. 

Siku ya tatu maji yaliisha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mteja yeyote. Tangi la ua ule nililijenga mimi. Lilikuwa limejaa. Lakini valvu ya kufungulia maji yote niliiweka nje, kando ya geti, ili wachuuzi wa maji wachote bila kuingia kwetu. Wote walinisifu kwa ubunifu huo. Sikuwaza hata mara moja kwamba ingefika siku ambapo kusimama kando ya geti ni kufa.

"Nitaenda mimi," nilisema. "Hiyo valvu hukwama, naijua. Ngoja risasi zipungue kidogo."

"Injinia hatumwi maji," Njagi alisema. Alitabasamu na pengo lake, akachukua spana.

Tulisikia hatua zake zikikimbia. Tulisikia chuma kikigonga chuma.

Tulisikia maji yakianza kuingia kwenye pipa lililokuwa mlangoni petu.

Kisha risasi moja.

Maji yaliendelea kutiririka.

Nyaga na mimi tulimvuta ndani. Risasi ilikuwa imeingia chini ya mbavu. Keji alirarua shuka lake akamfunga. Njagi hakulia. Aliomba maji, akapewa kidogo.

Siku ya tano bunduki zilinyamaza. Jirani aliruka ukuta kutuambia kwamba malori ya kigeni yanaruhusiwa kuvuka daraja la Nile kuelekea mpakani Nimule, lakini kwa asubuhi ile tu. Nyaga alikuwa na karatasi ya ruhusa aliyogongewa muhuri alipoingia mjini. Ilikuwa na majina mawili: Nyaga, Ireri. Watu wawili. Pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya uhamiaji kwa ajili ya kuongezewa muda wa viza, na ofisi ile ilikuwa imeungua. Nilibaki na kitambulisho cha nyumbani tu.

Nyaga alisema tutamketisha Njagi mbele, tumfunike koti. Njagi alikataa.

"Wakiona tundu la risasi watasema mimi ni askari wa upande ule mwingine. Watatushusha sote." Alipumua kwanza. "Mchukue Injinia. Karatasi inasema Ireri. Yeye ni Ireri."

"Siwezi," nilisema.

"Si ulisema mlipewa? Basi pewa tena."

Keji alisema atabaki naye, kwamba huko nje hakuna anayemtafuta mwanamke mzee mwenye sufuria. Nyaga alipiga magoti akamshika Njagi mkono kwa muda mrefu.  Njagi alinipa kofia yake.

"Uende uuone mzinga wako," alisema.

Darajani kulikuwa na mnyororo na askari watatu. Mmoja alichukua karatasi. Alisoma taratibu.

"Nyaga."

Nyaga aliinua mkono.

"Ireri."

Maisha yangu yote watu wameniuliza jina hilo nimelitoa wapi. Askari yule hakuuliza.

"Mimi," nilisema.

Alitazama kitambulisho changu. Alitazama kofia.

Alishusha mnyororo.

Tulipofika Nimule simu ilipata mtandao. Keji alisema Njagi alikata roho mchana ule ule, akiwa ameshikwa mkono. Wanawake wa kanisa la mtaa walimzika kando ya ukuta wetu. Walisimika kipande cha bomba letu kichwani pa kaburi ili lijulikane.

Nyaga alienda Kibugu kumwambia mama yake. Mimi sikwenda. Nilirudi Kibirichia na begi moja, na waliosema sitafika popote wakasema, si mnaona. Nikalima viazi vya watu msimu mmoja. Nikanunua pampu kuukuu, nikaitengeneza, nikaiuza, nikanunua mbili. Sitasimulia yote, duka liko Makutano, anayetaka aje aone. Miaka sita ikapita hivyo.

Mwaka huu nikawaita wote walionikopesha. Shangazi nilimpa mtamba mwenye mimba. Mwalimu alipata chake. Akina mama wa kanisa niliwajengea tangi, na valvu nikaiweka ndani ya ukuta. Tangu Juba sijaweka valvu nje, hata mteja akinisihi. Mchungaji alisimama akasema, "Injinia wetu leo hadaiwi na mtu." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa kwenye kiti nikiwa na kofia ya Njagi mfukoni, nikijua kwamba mchungaji amekosea.

Kesho yake asubuhi nilienda Kibugu.

Mama yake Njagi alikuwa shambani, amezama hadi kiunoni kwenye majani ya chai, na kikapu mgongoni. Nyaga alikuwa amempigia simu kwamba ninakuja. Mama hakuacha kuchuma.

"Nyaga aliniambia yuko Ireri aliyerudi," alisema. "Kutoka Meru hadi hapa ni safari ya asubuhi moja. Wewe umetumia miaka sita. Ulikuja kwa magoti?"

 Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama kwenye mstari wa chai, viatu vyangu vya ngozi vimejaa tope. Sikuficha valvu. Nilisema tangi lilikuwa langu, kosa lilikuwa langu, zamu ilikuwa yangu. Yeye alichuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Maji yalitoka?"

"Yalitoka, mama. Tuliyanywa siku mbili."

"Basi hakwenda bure."

Alinipeleka kwenye muringa. Mzinga ulikuwa umeanguka zamani, umelala kwenye mizizi, nusu yake imeota kuvu. Niliupangusa kwa kiganja. Mistari mitatu, na mmoja wa kuikata. Nilipiga magoti hapo kwa muda. Nilimshukuru babu kwa kuupandisha mlima, na Ireri yule wa kwanza, na yule wa mwisho.

"Naweza kuuchukua?" niliuliza.

"Ni wako. Lakini ukiuondoa utakuwa umehama. Uache hapo."

Nilikuwa na bahasha mfukoni. Nilikuwa nimeitayarisha vizuri. Nilipoitoa, nikaiona jinsi ilivyokuwa: bahasha tu. Hakuna kilichokuwamo ambacho kingemrudisha mtu kutoka kando ya ule ukuta. Hata hivyo nikasema, "Mama, nimekuja kulipa."

Aliitazama, akanisukuma mkono.

"Ulipe nini? Mtoto hulipa kwao?" Kisha akaonyesha ukuta wa jikoni. "Kikapu cha Njagi kile pale. Gari la chai huja saa kumi. Kama diploma haijakuharibu vidole, chuma."

Nilivaa kofia ya Njagi, nikachuma. Nilichuma vibaya, na jirani zake walinicheka kwa sauti toka mstari wa tatu, wakiuliza huyu mwenye viatu vya harusi ni nani. Saa kumi kasorobo nilibeba kikapu hadi kituo cha chai, mama nyuma yangu. Bega liliniuma kama zamani za viazi. Karani alitundika kikapu kwenye mizani, akasoma uzito, akainua kalamu.

"Ya nani hii?"

"Ireri," nilijibu.

Alinitazama kutoka viatu hadi kofia. "Ireri yupi? Wewe sikujui hapa."

Foleni yote iligeuka. Nilifungua kinywa nieleze, habari ya Mbeere na njaa na Kibirichia, lakini nyuma yangu mama aliwahi.

"Ni wangu," alisema. "Andika."

Karani akaandika.