Siku Mama Alipozuia Kahawa

Bango lile bado lipo. Limetundikwa ndani ya jumba la maduka hapa Bawshar, Maskati, karibu na ngazi za umeme, na kila ninapokwenda kununua maziwa namkuta mama yangu ukutani, mkubwa kuliko mlango, kavaa nguo yake ya Idi na anatabasamu. Nyuma yake zinaonekana paneli za sola. Chini yake pameandikwa kwa Kiarabu kwamba ameridhika, na kwamba jua la nchi yetu ni neema kwa kila nyumba. Watu hupita wakila aiskrimu zao. Mimi hupita nimefunga mdomo, maana nikiufungua hapo nitauaibisha ukoo mzima.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na sola. Serikali ikihimiza watu wawashe viyoyozi vyao kwa jua, naona imesema la maana. Anayeishi Maskati na hajui kwamba jua tunalo, huyo hajawahi kushika mlango wa gari mchana wa mwezi wa Juni. Kinachonipandisha hasira ni kitu kimoja. Paneli zile ziliwekwa juu ya pahala pa mama yangu, na si serikali, si kampuni, si mwanawe wa kumzaa, hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Nyumba yetu ina sutuhu, yaani sakafu ile ya juu isiyofunikwa, kama nyumba zote za mtaa huu. Imezungushiwa ukuta mrefu kwa ajili ya sitara, mwanamke akae juu asionekane na mtu. Watu wengine hutupa huko matangi ya maji na viti vilivyovunjika wakapasahau. Mama yangu alipafanya ndiyo nyumba yake. Huko ndiko alikoanika ndimu za achari, zimepasuliwa na kujazwa chumvi, masinia kwa masinia, na pilipili kwenye ungo. Achari yake inakwenda kwa ndugu zetu wote, wa Azaiba, wa Nizwa, mpaka wa Unguja, na Ramadhani haijaingia kwao mpaka chupa ya mama ifike. Lakini achari ilikuwa nusu ya mambo. Baada ya Alasiri alikuwa akikaa huko na kanga yake moja, kichwa wazi, redio chini, akizungumza na jirani yetu kupitia ukutani. Jirani ni mwanamke mtu mzima mwenzake, naye kazaliwa Unguja, na sutuhu yake inagusana na yetu. Walikuwa hawaonani. Walikuwa wakisikilizana tu, kila mmoja upande wake, wakicheka mpaka sauti inafika jikoni.

Chini hapakuwa na pahala kama hapo. Sebule ni ya wageni. Uani kivuli cha ukuta hakiondoki, na jua linapiga vizuri kwenye njia ya gari tu, mbele ya geti, ambapo kila apitaye anakuona.

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi katika ofisi moja ya serikali kule Qurum, na kazi yenyewe ni hiyohiyo, kuwahimiza watu waweke sola majumbani. Ni kijana hodari, simnyimi haki yake. Anajua kusema. Akisimama mbele ya watu na kile kiremba chake kilichofungwa vizuri, hata mimi ninayemjua tangu akilia kwa kunyimwa bisi namsikiliza. Akaona ataonekana mtu wa maneno matupu ikiwa nyumba yake mwenyewe haina hata paneli moja. Mama alipokwenda Unguja kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, mafundi wakaingia.

"Umemuuliza mama?" nilimwambia.

"Dada, nataka arudi akute tayari. Atafurahi."

"Nakuuliza, umemuuliza?"

"Sasa nikimuuliza itakuwaje zawadi?"

Nilimwambia pale ni pahala pake. Akanijibu kwamba mama ni mtu mzima, ngazi zile zinamchosha, bora akae chini kwenye baridi. Mimi ni mwalimu, nimezoea kujibiwa ovyo na watoto wa miaka kumi na mbili, lakini siku ile mkono uliniwasha. Masinia yakateremshwa, ungo ukatiwa stoo, na paneli zikapangwa ukuta kwa ukuta, ikasalia pembe moja tu.

Mama aliporudi hakuvua hata buibui. Alikwenda moja kwa moja juu na mfuko wa karafuu mkononi. Alikaa huko muda mfupi, akashuka polepole, akasema, "Mmefanya kazi." Mdogo wangu alifurahi, akadhani amesifiwa. Mimi niliuona uso wake na nikataka kulia.

Alijaribu kuanika dirishani jikoni, ndimu zikaota ukungu. Akazitupa. Pembe ile iliyosalia kule juu aliiacha baada ya kukutana na mafundi wa kuosha vumbi, maana paneli Maskati zisipooshwa zinageuka rangi ya mchanga, na wanaoziosha ni wanaume. Wanabisha hodi mlango wa chini, wanapanda, na mama anakimbilia mtandio ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alasiri zikawa za kukaa sebuleni mbele ya kiyoyozi, miguu kaifunika shali, televisheni inasema peke yake. Bili ya umeme ilishuka, hilo sikatai. Mdogo wangu alikuwa akituonyesha kwenye simu yake jinsi inavyoshuka.

Kisha wakaja wa picha. Ofisi yake ilitaka familia ya mfano, na familia ya mfano ikawa sisi. Walikuja vijana watatu na kamera, wapole, wenye adabu. Mama aliwapokea anavyopokea mtu yeyote. Akawapa halua, tende, kahawa ya iliki, akawaongeza tena mpaka wakatikisa vikombe kuonyesha wametosheka, na akawatolea chupa yake ya mwisho ya achari wapeleke makwao. Ndipo mmoja wao akamuuliza kwa Kiarabu, kamera inakwenda, "Mama, umeridhika na sola?"

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Neema. Mungu akuzidishieni."

Angesema nini? Kwetu mgeni aliyekunywa kahawa yako haambiwi baya. Yule yule kijana alikuwa amekwisha kumuuliza khabari ya goti, goti lililomkesheza usiku kucha, na goti pia lilikuwa alhamdulillahi na neema. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale. Kalelewa katika adabu hiyo, anaijua fika, na akakubali ile heshima ya mama ichukuliwe ikawe tangazo. Hilo mimi sijamsamehe mpaka leo, na yeye anajua.

Bango likatundikwa. Siku chache baadaye jirani yetu alikuja kwa mlango wa mbele, jambo asilolizoea, akaketi sebuleni hata mtandio hajaulegeza.

"Nimekuona, bibi wee, unang'ara," alimwambia mama. "Wanangu wakanambia, huyo mwenzio karidhika, wewe una nini? Nikaona kama yeye karidhika, mie nani? Nikakubali. Washaweka. Sasa nakuuliza, sutuhu yako nzima imekwenda, umeridhika kweli?"

"Sikuridhika," mama akasema.

"Mbona ulisema umeridhika?"

"Walikuwa wageni."

"Aa," jirani akasema. "Walikuwa wageni."

Yakaishia hapo. Hakulaumu, hakuuliza la pili, kwa sababu yeye naye angesema vilevile. Wakakaa wakiutazama mpira wa watu wengine kwenye televisheni, wanawake wawili ambao hakuna hata mmoja anayejua mpira. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, kwa kelele, ili nisije nikasema. Mama usiku ule hakula. Kupotea kwa pahala pake alikuwa amekuvumilia. Kwamba neno lake ndilo lililompotezea mwenzake pahala pake, hilo halikumshuka kooni.

Wale vijana wa picha walirudi baada ya miezi. Walitaka waonyeshe familia ya mfano inaendeleaje. Mdogo wangu alipiga simu tangu asubuhi, tununue halua nzuri, tutoe vikombe vile vya kabatini. Niliteleka maji. Mama akaja akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Leo kahawa usitie."

"Mama?"

"Nimesema usitie. Wala halua. Maji wape, jua kali."

Maisha yangu yote sijapata kuona mtu akiketi sebuleni kwetu mbele ya meza tupu. Wale vijana waliketi na gilasi zao za maji, wakitazamana. Mdogo wangu akanifuata. "Dada, kahawa iko wapi?"

Mama akamjibu yeye kabla yangu. "Hawa leo si wageni wangu. Wamekuja kazini kwao. Na mimi nna langu la kusema."

Kamera ikawashwa. Wakamuuliza lile swali lao.

"La," mama akasema, kwa Kiarabu kilichonyooka. "Sikuridhika, na sijapata kuridhika tangu siku ya kwanza. Mlikunywa kahawa yangu, nikasema lililo adabu, nanyi mkaenda mkalitundika sokoni. Jirani yangu kaliamini. Umeme wenu mzuri, sina neno nao. Lakini ile ni sutuhu yangu. Mmenipandishia wanaume juu ya kichwa changu, na mwanamke mwenye nyumba hamkumuuliza hata kwa kumdanganya."

Hasira ilipompanda zaidi Kiarabu kikamwisha, akamalizia kwa Kiswahili, akimtazama mwanawe. "Hata fenicha mtu huuliza kabla ya kuihamisha, babaangu. Hata fenicha."

Mkubwa wa wale vijana alitabasamu kwa tabu. Akasema labda mama alirudie jibu kwa njia nyingine, aseme mwanzo alikuwa na wasiwasi, lakini sasa ameona faida. Hapo sikuweza tena. Nilimwambia mama yangu harudii, na kwamba kama wanataka mtu wa kusema ameona faida, waende pale dukani, yuko ukutani, hali wala hanywi, wamuulize yeye. Wakafunga vitu vyao. Mdogo wangu aliwasindikiza mpaka garini akiomba radhi, na aliporudi alisema tumemfedhehesha mbele ya watu wa ofisi.

"Tumekufedhehesha kwa maji?" nilimuuliza. Akapanda chumbani kwake.

Picha ile haikuonyeshwa popote, bila shaka. Bango halikushushwa.

Siku ya pili yake, asubuhi, mdogo wangu ana mkutano Qurum. Huo pia wa sola. Alitoka na kanzu yake iliyopigwa pasi, funguo mkononi, akasimama. Njia ya gari yote, tangu chini ya banda linapolala gari lake mpaka getini, ilikuwa imetandikwa mikeka, na juu ya mikeka ndimu. Ndimu za chumvi, zimepasuliwa, zimepangwa moja moja. Geti liko wazi. Katikati ya hizo ndimu amekaa mama kwenye kigoda chake, kajitanda kanga, kisu mkononi, na redio inaimba. Magari ya mtaani yalikuwa yakipunguza mwendo. Mama alikuwa akiwaitikia salamu kwa furaha kabisa.

Alikuwa amezinunua lini mimi sijui. Mikeka naijua, ilikuwa stoo. Naona aliibeba mwenyewe, na goti lake lile.

Mdogo wangu akarudi ndani, jasho linamtoka. "Dada, mwambie mama aondoe ndimu nipite."

"Mwambie wewe."

"Watu wanamtazama!"

"Nawaona."

"Hatonisikiliza. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu," nilisema. "Muulize. Kile ulichotakiwa kumuuliza kabla mafundi hawajaingia, kamuulize sasa."

Nilidhani atanipigia kelele. Alisimama akitazama saa, akatazama nje, kisha akatoka. Nilimfuata mpaka dirishani. Alivua viatu ukingoni mwa mkeka, akapita katikati ya ndimu akiinua kanzu kwa mikono miwili, akachutama mbele ya mama. Upindo wa kanzu uliingia kwenye chumvi na hakuutoa.

"Mama," akasema, "zile paneli, ungependa zikae wapi?"

Mama hakufikiri hata kidogo. Aliinua kisu akalionyesha banda la gari.

"Pale juu. Jua lapiga kutwa, hapana mtu anayekaa, na wa kuosha hawana haja ya kuingia ndani. Bati lile halitozibeba, lakini fundi wa chuma yupo. Na za jirani yangu vivyo hivyo, banda analo."

Jibu lote alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku ile aliposhuka na mfuko wa karafuu akasema mmefanya kazi, na lilikaa naye sebuleni Alasiri zote zile, likingoja swali. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Akatoa simu, akaanza kumtafuta fundi pale pale, kachutama kwenye chumvi.

Mama akageuka akaniona dirishani.

"Mtilie mdogo wako kahawa," akasema.

Nikamtilia. Hasira ilikuwa bado ninayo, kwa hivyo tende sikumpa.